Kitu kidogo kilichoangusha mtandao (sio kile cha trafiki)

Wadau, mtaikumbuka Jumanne ya 18 Novemba 2025. Ilikuwa saa 8:20 mchana kwa saa zetu za Afrika Mashariki pale tovuti zilipoanza kugoma. X haifunguki. ChatGPT haifunguki. Maduka ya mtandaoni hayafunguki, na hata tovuti ya Downdetector ambayo watu huikimbilia kuuliza nani yuko hewani na nani hayupo, nayo inasuasua. Ukibonyeza unaletewa kosa namba 500 na jina la Cloudflare. Kwenye magrupu ya WhatsApp, ambayo yenyewe ilikuwa inadunda kama kawaida, majemadari wa kwenye simu walikuwa wameshatangaza vita: ni Warusi, hapana ni Wachina, hapana ni jaribio la kuzima dunia.

Tusiwacheke sana. Mafundi wa Cloudflare wenyewe mwanzoni walidhani wanashambuliwa, na walisema hivyo baadaye bila kuficha. Lakini hakuna aliyewashambulia. Kilichotokea ni kwamba faili moja dogo la mipangilio lilinenepa kidogo kuliko programu ilivyotegemea. Faili! Sio kanzidata ya wateja, sio nyaya za baharini, sio umeme.

Nilisubiri vumbi litulie ndio niandike, maana uchambuzi mwingi niliosoma hapa kwetu uliishia sehemu moja tu: tunategemea makampuni machache ya Marekani, tujenge seva zetu. Nitafika huko. Ila kwanza naomba tuangalie kilichovunjika chenyewe, kwa sababu kitu cha aina hiyo kimo pia kwenye tovuti ya duka la shemeji yako, kwenye mfumo wa ada wa shule, na kwenye programu unayotumia kulipia umeme.

Cloudflare anasimama katikati, kati yako na tovuti unayoiendea. Kwa maelezo yao wenyewe karibu tovuti 1 kati ya 5 duniani ziko nyuma yao. Kazi yao mojawapo ni kutambua nani ni binadamu na nani ni roboti. Ili kufanya hivyo, kila mashine yao ina faili lenye orodha ya sifa za kuangalia kwenye kila ombi linaloingia. Maroboti hubadilisha mbinu haraka, kwa hiyo faili hilo lilikuwa linatengenezwa upya kila baada ya dakika 5 kutoka kwenye kanzidata na kusambazwa kwenye mtandao wao wote duniani. Hadi hapo ni kazi nzuri kabisa.

Saa 8:05 mchana siku hiyo walibadilisha ruhusa za kusoma kanzidata ile. Nia ilikuwa njema, kukaza usalama. Lakini ile amri inayotengeneza faili haikuwa imetaja ni kanzidata ipi hasa inasoma, na ruhusa zilipobadilika ikaanza kuona majedwali mengine ya chini yenye vitu vile vile. Faili likatoka na mistari ya marudio. Sasa, programu inayosoma faili ilikuwa na kikomo: sifa 200, zaidi ya hapo haipokei. Kwa kawaida zilikuwa zinatumika kama 60, kwa hiyo nani angehangaika na kikomo hicho? Faili jipya likavuka 200. Na programu, badala ya kusema "hili silielewi, naendelea na lile la mwanzo", ikafa papo hapo.

Kilichowachanganya zaidi ni kwamba kanzidata ilikuwa inabadilishwa kidogo kidogo, mashine baada ya mashine. Kwa hiyo kila dakika 5 lilitoka faili zima au faili bovu, kutegemea nani kaulizwa. Mtandao unapona, unaanguka, unapona, kama homa ya malaria. Ndio maana wakadhani kuna mtu anawapiga na kupumzika. Na kwa bahati mbaya ukurasa wao wa kutangaza hali ya huduma, ambao hata haukai kwenye mashine zao, nao ukaanguka saa hiyo hiyo kwa sababu zisizohusiana. Hebu jiweke kwenye viatu vyao. Walikuja kuzima mtambo wa kutengeneza faili, wakarudisha faili la zamani kwa mkono, na mambo makubwa yakarudi saa 11:30 jioni. Yote yaliisha saa 2:06 usiku.

Sasa ndio nije kwenye hoja yangu.

Kila tovuti yenye watumiaji zaidi ya mmoja ina vitu vidogo vinavyotumiwa na wote. Kiwango cha kodi. Jedwali la makato. Namba ya risiti inayofuata. Viti vya basi vilivyoshikwa na watu wanaomalizia kulipa. Orodha ya waliofungiwa. Swichi ya kuzima huduma fulani usiku wa matengenezo. Anwani ya seva nyingine. Ukivikusanya vyote pengine havifikii uzito wa picha moja ya simu. Na kwa sababu ni vidogo, hakuna kikao kinachokaa kuvijadili. Mafundi watabishana wiki nzima picha na video zikae wapi, lakini hiki kidogo kitawekwa popote palipo karibu na aliyekuwa kwenye kibodi Ijumaa jioni. Hakuna anayekipa ulinzi kwa kuwa kilobaiti zake ni chache, wakati hatari yake iko kwenye idadi ya wanaokisoma. Kikiharibika, wote wanaumia kwa sekunde ile ile.

Mwaka 2025 ulituonyesha hili mara kadhaa mfululizo. Tarehe 12 Juni, saa 2:49 usiku kwetu, huduma za Google Cloud zilianguka na kuwavuta Spotify, Discord na wengine wengi. Huko chanzo kilikuwa sera mpya ya viwango vya matumizi iliyoandikwa kwenye jedwali ikiwa na nafasi tupu. Jedwali lile limetengenezwa kusambaza mabadiliko duniani kote kwa sekunde chache, na ndivyo lilivyofanya. Kila mahali programu ikakutana na nafasi tupu ambayo haikujua kuishughulikia, ikafa, ikawaka, ikasoma tena, ikafa. Wahandisi waligundua tatizo ndani ya dakika 10, kasi ya ajabu. Lakini kwenye kanda yao moja kubwa ya Marekani kupona kulichukua hadi saa 2 na dakika 40, kwa sababu mashine zote zilipowashwa upya zilikimbilia jedwali lile lile kwa pamoja na kulilemea. Siku hiyo hiyo Cloudflare naye aliumia, maana ghala lake la vitu vidogo vidogo, linaloitwa Workers KV, lilikuwa limeegemea kwa sehemu kwenye Google. Yaani mwenye ghala naye kumbe ni mpangaji.

Oktoba 20 ikawa zamu ya Amazon. Kule kitu kidogo kilikuwa kidogo kweli kweli: rekodi moja ya DNS, ule mfumo unaogeuza jina la mtandao kuwa anwani. Mitambo miwili inayofanya kazi moja ilipishana vibaya. Mmoja uliokuwa umechelewa ukaandika mpango wa zamani juu ya mpango mpya, mwingine ukaja kufagia mipango ya zamani, na rekodi ya kanzidata yao ya DynamoDB kwenye kanda ya Virginia ikabaki tupu. Kuanzia saa 3:48 asubuhi kwetu hadi saa 6:25 mchana jina lile halikuwa na anwani, na mkia wa matatizo uliburuzika mpaka usiku.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha zamani. 23 Septemba 2010, Facebook ilizimika kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Wanaotengeneza tovuti wangepaswa kufundishwa hiki kabla ya kufundishwa rangi za vitufe.

Facebook walikuwa na thamani za mipangilio zinazokaa sehemu mbili: nakala ya kudumu kwenye kanzidata, na nakala ya haraka kwenye kashe. Kashe, kwa asiyejua, ni kumbukumbu ya karibu unayoweka mbele ili usiisumbue kanzidata kila mara. Wakaweka na mlinzi: programu ikikuta thamani ya kashe haifai, iifute na kwenda kuchukua ile ya kudumu. Ni busara, si ndio? Siku ile mtu akabadilisha ile ya kudumu, na thamani mpya ikaonekana haifai. Kwa hiyo kila mashine ikafuta kashe na kwenda kwenye kanzidata. Ikapewa kitu kile kile kisichofaa. Ikafuta tena. Maombi mamia ya elfu kwa sekunde yakaiangukia kanzidata. Ikaanza kujibu kwa makosa. Na mlinzi wetu, akiona kosa, akalihesabu kosa hilo kuwa thamani isiyofaa... akafuta kashe tena! Hata baada ya thamani yenyewe kurekebishwa mzunguko haukukatika, kwa sababu kanzidata haikupata hata nafasi ya kupumua. Dawa pekee ilikuwa kuzima tovuti nzima ili kanzidata ipoe, halafu watu warudishwe polepole.

Ukiviweka visa hivi pamoja unaona shetani ni yule yule. Kitu kidogo, kinachosomwa na kila mashine, kinachosambaa haraka kuliko binadamu anavyoweza kushtuka, na programu ambayo haikufundishwa kuishi siku kitu hicho kikiwa kibovu au hakipo.

Turudi sasa kwenye lile la "tujenge seva zetu". Siwapingi moja kwa moja. Tuna kituo cha taifa cha kutunza data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, na siku nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, Jumapili ya 12 Mei 2024, Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi, tukaona wote faida ya kuwa na vitu karibu. (Siizungumzii 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini. Hapo hata seva ikiwa nyumba ya pili mteja haifikii kwa simu yake, na hayo ni mazungumzo mengine.) Tatizo langu ni kwamba ukaribu wa seva ni nusu ya jibu. Cloudflare ana mashine Nairobi na Mombasa. Zilikuwa karibu na sisi kabisa tarehe 18 Novemba. Faili bovu likazifikia huko huko zilipo. Na upande wa pili, unaweza kuweka seva yako Kijitonyama, ukaipulizia kiyoyozi, ukaajiri na mlinzi mwenye bunduki, halafu programu yako kila ukurasa unapofunguka inakwenda kusoma swichi moja ndogo kwenye huduma iliyoko ng'ambo. Waya ukikatika umekatika na wewe. Seva ni ya nyumbani, funguo ziko Ulaya.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi wako ni hivi vitu vidogo vinavyotumiwa na wote umeviweka wapi, na siku pasipofikika itakuwaje. Swali la seva iko wapi lije baadaye.

Chukua kodi. Kenya, 1 Aprili 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Fundi aliyekuwa ameandika 16 ndani ya msimbo wa programu, hapa kwenye ankara, pale kwenye risiti, kule kwenye ripoti ya mwezi, alikuwa na usiku mrefu mara mbili. Aliyekuwa mjanja kidogo alikuwa ameiweka sehemu moja kwenye mipangilio, akabadilisha namba moja, akaenda kulala. Sasa Aprili mteja anaomba nakala ya ankara ya Machi. Mfumo unaichapa kwa asilimia 14. Hesabu hazioani na zile zilizopelekwa kwa mkusanya kodi, na aliyesaini ni mwenye duka, sio fundi.

Maana yake kile kitu kidogo hakikuwa namba moja tangu mwanzo. Kilikuwa jedwali la safu mbili, kiwango na tarehe ya kuanza kutumika, na mahali pa jedwali ni kwenye kanzidata pamoja na ankara zenyewe. Ukiliweka hivyo, unaweza kuandika kiwango cha Januari mwezi Desemba ukiwa umetulia, na saa ikifika kinaanza chenyewe. Angalia tu na saa yenyewe! Seva nyingi huhesabu kwa saa ya UTC, na sisi tuko saa 3 mbele. Saa 6 kamili usiku Nairobi, seva inaona bado ni jana, na itaendelea kuona jana mpaka saa 9 usiku. Kwa saa 3 hizo kila anayenunua anatozwa kiwango cha zamani.

Kwetu Tanzania mtihani ulikuwa mgumu zaidi. Tozo za miamala ya simu zilianza 15 Julai 2021, na haikuwa namba moja bali ngazi ngazi kulingana na kiasi, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000. Watu wakapiga kelele, Septemba mwaka huo huo zikashushwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka tena kutoka 7,000 hadi 4,000. Fikiria ni programu ngapi zilikuwa na nakala ya jedwali hilo: makampuni ya simu, mabenki, na wale wadogo wote waliotengeneza kikokotoo cha "ukituma kiasi hiki utakatwa kiasi gani". Kila mmoja na nakala yake, kila mmoja na siku yake ya kukumbuka kuibadilisha. Mama anayetuma hela ya matumizi kijijini anaangalia kikokotoo kimoja, anakatwa kwa kingine, halafu anaambiwa mtandao ndivyo unavyosema.

Kitu kama jedwali la makato kinasomwa mara elfu kwa dakika na kubadilika mara moja kwa mwaka. Cha aina hiyo usikisome kwenye kanzidata kwa kila mteja. Kiweke kwenye kanzidata, ndio, kiwe na mwenyewe mmoja na tarehe zake. Lakini kila seva ikisome inapowaka, ikiweke kwenye kumbukumbu yake, na kila baada ya dakika chache iulize kama kuna jipya. Zisiulize zote kwa pamoja. Kila moja iongeze sekunde kadhaa za bahati nasibu, msije mkajifanyia ya Google. Jipya likija lipimwe kabla ya kupokelewa: je, ni tupu? Kuna namba hasi? Makato yamezidi kiasi kinachotumwa? Likishindwa mtihani, endelea na la zamani na umpigie mtu simu. Na nakala ya mwisho iliyofaulu iandikwe kwenye diski, ili hata kanzidata ikiwa chini seva inayowaka upya iwe na pa kuanzia. Hakuna utaalamu wa roketi hapo. Ni mistari michache tu ya msimbo ambayo watu wanaona uvivu kuiandika.

Viti vya basi ni mnyama mwingine kabisa. Hapa kitu kidogo kinagombaniwa. Tovuti ikiwa changa, fundi anaweka viti vilivyoshikwa ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe, na inafanya kazi vizuri sana. Desemba inafika, watu wanakwenda Moshi, Bukoba na Mbeya, seva moja haitoshi, anaongeza ya pili. Kuanzia dakika hiyo kila seva ina kumbukumbu yake. Seva ya kwanza inajua kiti namba 14 kimeshikwa, ya pili haina habari. Abiria wawili wana tiketi halali na kiti ni kimoja, na anayebeba aibu ni kondakta pale stendi. Wanaotumia PHP wana toleo lao la ugonjwa huu. PHP husahau kila kitu ukurasa ukimalizika, basi watu wanaandika kwenye faili. Maombi mawili yakiandika faili moja kwa sekunde moja, unapata nusu ya hili na nusu ya lile. (Dawa ya faili ni kuandika la muda pembeni, kisha kulibadilisha jina likae mahali pa lile la zamani. Ila seva mbili bado ni mafaili mawili.)

Kiti hakitaki nakala. Kinataka hakimu mmoja. Kanzidata iwekewe sharti kwamba safari moja na kiti kimoja haviwezi kuandikwa mara mbili, na atakayechelewa akataliwe hapo hapo. Ukitaka kumshikia mtu kiti kwa dakika 10 akitafuta namba ya siri ya simu yake, Redis inafaa, kwa kuwa inaweza kuandika "kama hakuna mwenyewe, na ufute baada ya dakika 10" kwa tendo moja lisilogawanyika. Lakini mauzo ya mwisho yaende kwa hakimu. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wengi wakiweka mauzo yenyewe kwenye kashe kwa vile ni ya haraka. Memcached ikijaa inatupa vitu vya zamani bila kukuuliza, ndio kazi iliyotengenezewa tangu 2003, na ukiizima na kuiwasha haikumbuki kitu.

Kuna na wale wa kuki, au vidakuzi kama wanavyoandika wataalamu wa lugha. Kuki hukaa kwenye brauza ya mteja na hurudi kwako na kila ombi, na uzito wake usizidi kama baiti 4,096. Kwa lugha anayoipenda mteja, au kikapu cha vitu vitatu, inatosha. Lakini kuki iko nyumbani kwa mteja, na mteja anaweza kuifungua na kuiandika. Ukiweka humo "punguzo: 10" bila saini ya siri ya kuithibitisha, usishangae siku moja ikirudi na punguzo la 90.

Kinachoniumiza kichwa zaidi, na hapa nakaribisha ubishi, ni hili la kuendelea na nakala ya zamani. Kwa makato sina wasiwasi, jedwali la jana bado ni la leo. Lakini orodha ya laini za simu zilizoripotiwa kuibiwa? Nakala ya dakika 5 zilizopita sawa. Nakala ya siku 3 zilizopita ni mwizi anahamisha pesa ya mtu huku mfumo ukimfungulia mlango. Kwa hiyo nakala lazima iwe na umri wa kufa, na mtu mwenye mamlaka, sio fundi peke yake saa 8 usiku, aamue umri huo kabla ya siku ya balaa, na aamue pia kinachofuata: kufunga kila kitu au kuruhusu kiasi kidogo tu. Novemba ile Cloudflare alionyesha pande zote mbili za ubaya. Wateja waliokuwa kwenye mtambo wake mpya walipata kosa namba 500. Waliokuwa kwenye mtambo wa zamani hawakuona kosa lolote, ila kila mgeni alipewa alama sifuri, yaani roboti. Waliokuwa wamejiwekea sheria ya kufukuza maroboti wakawa wanafukuza wateja wao wenyewe, kimya kimya.

Halafu mjue kwamba hata kujua tatizo sio kulimaliza. Tarehe 5 Desemba 2025, siku 17 tu baadaye, saa 5:47 asubuhi kwetu, Cloudflare akaanguka tena kwa dakika kama 25, akiathiri asilimia 28 hivi ya maombi ya HTTP anayohudumia. Safari hii walikuwa wanakimbizana na tundu la usalama kwenye React. Wakazima chombo kimoja cha ndani kwa kutumia mfumo wao wa mipangilio ambao, nadhani mmeshabahatisha, husambaza mabadiliko duniani kote kwa sekunde bila kujaribu kwanza kwenye mashine chache. Mwezi huo huo wakatangaza kwamba mabadiliko ya mipangilio yatapitishwa kwa hatua, kama wanavyofanya kwa programu zenyewe.

Hapa kwetu makampuni ya kupitisha pesa hayana utamaduni wa kuandika taarifa kama hizo. Wakianguka tunaletewa ujumbe wa "samahani kwa usumbufu" na basi. Wale wa Marekani angalau walitaja faili, jedwali, dakika na kikomo, ndio maana mimi na wewe tunaweza kukaa hapa na kuchambua. Kwa hiyo nauliza wadau mliopo ndani: mliokuwa zamu usiku wa kuamkia 15 Julai 2021, mkibadilisha makato kuingiza tozo, jedwali lile lilikuwa limekaa wapi, na ni nani alikuwa na ruhusa ya kuligusa? Maoni yako wazi, na jina sio lazima.